Mkaja wa Raya

Kwa miaka miwili Raya alijifunga mkaja kukaza tumbo, kama mzazi wa jana, ilhali hakuwa amejifungua. Alikuwa amepungua kilo sitini, lakini ngozi ilibaki ikining'inia hadi mapajani, na chini ya mikunjo vidonda havikukauka. Mara mbili kampuni ya bima ilikataa kulipia upasuaji. Ilisema huo ni urembo.

Leo jibu la tatu lilikuwa limefika. Alimpa wifi yake Mwanasha amsomee.

"Picha za vidonda wameziona," Mwanasha alisema. "Wamekubali. Watalipia upasuaji wote."

"Soma tena."

"Wamekubali, Raya."

"Tena, wifi yangu. Polepole."

Mwanasha akarudia, neno kwa neno. Raya akafungua fundo, mkaja ukamwangukia miguuni. Akaanza kucheza pale pale uani, mikono juu, kanga moja tu mwilini.

"Wifi, mlango uko wazi. Watu wanapita."

"Waache wapite. Anayetaka kuiaga ngozi hii, aje aiage."

Na ile ngozi aliyoificha hata kwa mumewe ikaruka huku na huku chini ya kanga, ikicheza naye.