Fomu ya Kukubali

Wakiuru aliwaonyesha wauguzi darasani fomu ya kukubali kufungwa kizazi. Jina lilikuwa limefutwa. Palibaki alama ya kidole gumba, imepinda kana kwamba ilikandamizwa na mkono wa mtu mwingine.

"Kosa liko wapi?"

Muuguzi mmoja mkongwe kutoka Karatina akajibu, "Sioni kosa, mwalimu. Ameweka kidole. Hawa wamama wengi hawajui kusoma, ni sisi huwasaidia."

Darasa likacheka.

"Huyu ana digrii mbili," Wakiuru akasema. "Alikuwa amelala kwa dawa ya usingizi, akipasuliwa ajifungue. Nilipoamka, kidole changu kilikuwa na wino."



Muuguzi yule akainua kalamu. "Pole sana, mwalimu. Na hiyo itakuja kwa mtihani?"