Kaseti Iliyoharibika

Bi. Mwanahija aliingia dukani wakati Mzee Sefu akiteremsha kaseti za mwisho kutoka kwenye rafu. Duka la muziki la familia ya mzee huyo lilikuwa linafungwa siku hiyo.

"Shikamoo, mzee. Nimekurudishia hii."

Mzee aliitambua kaseti ile, akaona aibu. Enzi hizo alirekodi kwa kuweka maiki mbele ya santuri, huku mkewe akipika uani, nyuma ya duka. Bi. Mwanahija aliwahi kuja kumgombeza: katikati ya wimbo aliotaka upigwe harusini kwake kulikuwa na mwanamke anapiga kelele.

"Marahaba. Niliahidi kukurekodia nyingine, nikasahau. Nisamehe, mwanangu."

"Afadhali ulisahau. Kwenye msiba wa mkeo nilikusikia ukisema huna hata sauti yake. Nikaitafuta."

Aliitia kwenye redio mwenyewe. Ngoma zikalia, kinanda kikafuata, kisha juu ya vyote ikaja sauti ya marehemu: "Baba Hidaya! Chakula kinapoa!"

Mzee aliziweka chini kaseti alizoshika, akaugeukia mlango wa uani.

"Nakuja," alisema. "Namalizia wimbo huu."