Mbuzi Aliyetolewa Tezi

Hapa kwetu kila mzee amepewa mbuzi mwenye tezi za juu ya figo zilizooteshwa kutokana na za mzee mwenyewe. Presha ya mbuzi ikipanda, mzee hunyimwa chumvi. Wangu ana doa jeupe puani, namwita Tabu.

Bwana afya, Mshuza, alikuja kumpima akiwa na mbwa. Tabu akatetemeka mpaka kwato zikagonga sakafu.

"Presha iko juu. Bibi, unamlambisha chumvi."

"Chumvi ipi, na mchuzi wangu ni kama maji ya kuoshea vyombo? Mtoe huyo mbwa nje, umpime tena!"

"Mbwa si chumvi, bibi."

Mshuza na wenzake wakamtoa Tabu tezi zote mbili. Presha ikashuka, Mshuza akachekelea kuwa wamefaulu. Sasa Tabu hawezi kusimama. Analamba ukuta, analamba jasho la kiganja changu, maana bila tezi hizo mwili hautunzi chumvi, na jikoni hamna hata chembe.

"Mama, usikasirike, utajipandisha presha," ananisihi mke wa mwanangu, Nambua.

"Niache nikasirike, mwanangu. Alhamisi wanakuja kunitoa zangu."