Kabureta ya Mwenyekiti

Itangazwe kwa wakazi wote wa mtaa wa Donholm, wapangaji na wenye nyumba, kwamba Alhamisi moja ya Aprili 1994 haki ilitendeka chini ya mabati ya fundi Opicho. Ilichelewa siku mbili, na ilipofika ilikuwa imejaa masizi.

Pikipiki ya Mzee Mwangangi ilikohoa mara nne, ikatema moshi mweusi, ikazima. Watu waliokuwa wakingoja chapati za Triza hapo kando wakacheka.

"Opicho, hiyo inataka daktari wa kifua," Triza alisema.

Opicho alifungua plagi akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. "Petroli nyingi, hewa kidogo," alisema. Alikuwa akisema hivyo tangu Jumanne. Tangu Jumanne alikuwa ameifungua kabureta mara tatu, akapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa mdomo, akashusha sindano, akageuza skrubu ya hewa nusu mzunguko, kisha robo, kisha akairudisha ilipokuwa.

Mzee Mwangangi, karani na mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa amekalia tairi kuukuu, tai shingoni.

"Hiyo kabureta si yangu," alisema. "Yangu umeiuza, ukaniwekea ya kuokota."

"Mzee, nina miaka tisa hapa. Nimeuza nini cha nani?"

"Kamati inakaa leo jioni. Pikipiki isiponguruma vizuri kufikia saa kumi, Jumamosi tunabomoa kibanda. Hatuwezi kuweka mwizi mlangoni mwa mtaa."

Kicheko kilikatika. Mteja mmoja alichukua chapati yake akaondoka bila kuaga, na mwingine akakumbuka kwamba baiskeli yake haikuwa na shida kubwa. Opicho aliinamia injini ili watu wasimwone uso. Watoto wake wanne walikula kutokana na kibanda hicho.

Ndipo Ndunge, binti wa Mzee, akaleta chai. Sifa itolewe panapostahili: Ndunge alikuwa msichana mpole, mwanafunzi wa shule ya bweni aliyekuwa nyumbani kwa likizo, mwenye adabu ambayo mama wengi wa mtaa waliwatajia binti zao kila asubuhi. Tangu Jumanne alikuwa hajakosa kibandani hata siku moja. Mwandishi anayasema haya bila upendeleo wowote.

"Asante, mama," Mzee alimwambia binti yake. "Unaona mambo? Huku pikipiki imeharibika, huko shuleni mashine ya kuchapa ripoti za mtihani imeharibika. Wiki ya pili sasa nangoja."

"Walisema watazituma kwa posta, Baba." Ndunge alimimina chai bila kumwaga tone.

Opicho alichomoa ule mpira unaoiunganisha kabureta na sanduku la chujio la hewa, akapiga kiki. Injini ikanguruma vizuri, laini, kama ya dukani. Akaurudisha mpira. Injini ikakohoa, ikazima.

"Chujio la hewa, Mzee," alisema taratibu. "Liko sawa?"

"Nililiosha mwezi uliopita, kwa mikono hii. Huliosha kila baada ya miezi mitatu, na hakuna mwingine anayeligusa. Sasa mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Labda ni jeti tena, fundi," Ndunge alisema kwa upole. "Tundu lake ni dogo sana."

Opicho alitazama kifuniko cha sanduku kwa muda. Lakini Mzee alikuwa wa rika la baba yake, na neno lake lilikuwa limeshatoka mbele ya watu. Akaokota bisibisi, akaifungua kabureta mara ya nne.

Saa tisa u nusu moshi ulikuwa ule ule.

Opicho akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mwenyekiti, mimi sitalifungua hilo sanduku. Lifungue wewe, hawa watu wakiona. Likiwa safi, kibanda nitakibomoa mwenyewe, msisumbuke hadi Jumamosi."

Ndunge alisema chai inapoa. Hakuna aliyemsikia.

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi Triza. Alibandua kifuniko kama mtu anayefungua Biblia mbele ya kusanyiko, akaingiza mkono huku akiwatazama watu. Mkono ukakwama. Ulipotoka ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili, iliyofyonzwa na injini hadi ikachorwa vishimo vya chujio.

Mzee aliigeuza, akaipeleka mbali na macho, akaileta karibu.

"Miwani nimeiacha nyumbani," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti. "Nisomee, fundi."

Opicho aliikunjua. Macho yake yalipita juu, kwenye mhuri, yakashuka mstari mmoja, yakasimama. Kisha akaikunja upesi na kuitia mfukoni mwa ovaroli.

"Ni takataka tu, Mzee. Upepo huleta mengi. Piga kiki, utaona itanguruma."

"Nimekuita mwizi mbele ya watu, Opicho. Nataka kujua ni kwa sababu ya nini. Soma."

Opicho hakusoma. Aliinua macho, akanitazama mimi, nami bado nilikuwa nimeshika birika.

"Soma tu, fundi," nilisema. "Ni ripoti yangu. Niliificha mimi."