Lifti Iliyougua Kila Alasiri

Fundi alitazama juu ya ngazi, akatazama chini, kisha akafungua kisanduku cha umeme cha ghorofa ya nne na kuizima lifti ya jengo zima. Hakuona mtu. Akapanda hadi kwake, ghorofa ya saba, kumsubiri binti yake atoke shule.

Kazini alitengeneza lifti za watu. Ya kwao aliizima mwenyewe kila alasiri, akaiwasha jioni.

Binti yake alichukia michezo kuliko dawa chungu. Siku ya mazoezi shuleni tumbo lilimuuma bila kukosa, na mpira alionunuliwa ulilala uvunguni hadi ukaisha upepo. Daktari alimsikiliza kifua, akakunja uso: mwili huu lazima uzoee kujituma kila siku, lakini mtoto asilazimishwe, atazidi kukataa. Fundi aliwaza mpaka akachoka, ndipo akaziona ngazi.

Na zilisaidia. Mwanzoni binti alifika juu akihema, amenuna. Sasa aliingia akiimba. Ila alizidi kuchelewa.

"Mbona unakawia, mama?" baba yake alimuuliza.

"Napumzika ghorofa ya nne, baba."

Fundi alijilaumu moyoni. Kumbe ngazi bado zilimtesa mtoto, naye alikuwa akijipongeza.

Majirani nao hawakumwacha. Mmoja, mtungi wa gesi begani na jasho likimtiririka, alimtania: "Hivi fundi wa lifti unalalaje kwenye jengo lenye lifti mgonjwa?" Fundi alicheka kwa meno tu, akamsaidia kubeba.

Lakini aliyemnyima raha kabisa ni bibi wa ghorofa ya nne, aliyeishi peke yake na miguu yake iliyovimba. Kila mara fundi aliposhuka dukani alimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, amejipaka mafuta, amechana nywele vizuri. Kando yake palikuwa na kigoda cha pili, bila shaka cha kuinulia mguu. Mtu mzima amejiandaa kutoka, na lifti imemkwamisha.

"Shikamoo, bibi. Pole na hii lifti."

"Marahaba, fundi. Wala usihangaike nayo, mwanangu. Mimi nipo tu, siendi popote."

Siendi popote. Maneno hayo yalimchoma, na upole wake ulimchoma zaidi. Angemtukana ingekuwa afadhali. Fundi aliona aibu hata kumtazama usoni, akapita ubavuni kama mwizi.

Chakula hakikushuka siku ile. Aliamua kwamba binti atatafutiwa njia nyingine, na bibi wa watu ataachiwa lifti yake ashuke kuota jua. Alasiri iliyofuata hakukigusa kisanduku. Alibaki kazini makusudi, asije akajaribiwa, akarudi nyumbani shule ikiwa imeshatoka zamani.

Mlangoni mwa jengo alibonyeza kitufe cha lifti. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Safari hii imeharibika kweli, alijisemea, na binti yangu huenda yumo ndani, gizani, na kifua chake kile. Akazipanda ngazi mbili mbili, begi la vifaa likimpiga pajani, akimwomba Mungu msamaha kila ghorofa.

Ghorofa ya nne alisimama ghafla. Binti yake alikuwa ameketi kwenye kigoda cha pili, sare ya shule mwilini, akiiga kwa mabega namna mwalimu wake anavyotembea. Bibi alikuwa akicheka hadi machozi.

Bibi alipomwona fundi, akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Akajiinua taratibu, akamsogelea karibu na kisanduku, akamnong'oneza ili mtoto asisikie:

"Leo umesahau, fundi, nikaizima mwenyewe. Mgeni wangu angenipita."