Kijukwaa cha Njiapanda

Zuhena alimvutia baba yake, Mzee Mbaruku, kiti mbele ya kompyuta. Kwenye kioo ilionekana njiapanda ya mji wao, ya kuigiza, na magari madogo kama punje za mtama yakisimama na kuondoka kwa kufuata taa. Kesho, ili zifungwe taa hizo alizozipanga Zuhena na wenzake kazini, mafundi wangebomoa kijukwaa cha saruji cha pale katikati, ambapo mzee alimalizia ujana wake akiwa askari wa trafiki, glavu nyeupe mikononi na filimbi mdomoni.

"Tumejaribu kila namna, Baba. Taa zikipangwa hivi, hayagongani."

"Yanatii," alisema mzee, kwa wivu kidogo. "Mimi walikuwa wakinitukana." Akagusa kona moja ya kioo. "Marehemu mama yako alikuwa akitokea hapa, na beseni la vitumbua kichwani. Nazuia pande zote nne mpaka avuke. Madereva wanapiga honi, naye wala hana haraka. Makusudi tu!"

Zuhena alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akabonyeza vitufe viwili vitatu, na pale konani akatokea mtembea kwa miguu mmoja, nukta ya njano.

Mzee hakuambiwa kitu. Aliketi wima, akainua mkono wa kulia, kiganja wazi. Zuhena akayasimamisha magari yote.

Nukta ikavuka taratibu, ikafika ng'ambo, ikatoka kwenye kioo. Kidole cha Zuhena kilibaki juu ya kitufe, kikingoja mkono wa baba yake ushuke.