Mgeni wa Mume Wangu

Kabla hakujapambazuka nilisikia zipu ya koti lake la kazi ikipanda. Mume wangu aliongoza wageni hifadhini hadi ugonjwa wa kusahau ulipomrudisha nyumbani. Nikajifunika shali, nikamfuata.

Askari wa geti la hifadhi, aliyefundishwa kazi na yeye, alitufungulia bila maswali. "Shikamoo, mwalimu. Leo umepata mgeni!"

"Marahaba. Nimempata, tena mtulivu."

Kando ya ziwa alinishika kiwiko, akasimama upande wa jua ili lisinichome machoni.

"Wale ndege wa rangi ya waridi ni heroe," alininong'oneza. "Na yule kiboko, mama, msikie anavyokoroma. Lakini kwa mke wangu haoni ndani."

Nilicheka. Kisha nikamuuliza, "Mkeo umewahi kumleta hapa?"

Alifuta darubini yake kwa pindo la koti. "Bado. Kila siku nina wageni. Nitamleta."

Nilitaka kumwambia, "Ni mimi." Lakini alikuwa ananivisha mkanda wa darubini shingoni, polepole, asije akanivuta nywele. Nikatazama ndege mpaka sikuwaona tena kwa machozi.

Getini mume wangu alinipa mkono kwa adabu.

"Usitutupe, mama. Uje tena."